Ile Namba Inasema Nisimame au Nikimbie?

Mwanafunzi wangu wa saa moja asubuhi ni mama muuguzi anayekaribia miaka hamsini. Ameamua kujifunza gari baada ya kuchoshwa na bodaboda za zamu ya usiku. Ana swali kwa kila kitu, na maswali yake mengi yananiumbua. Jumanne ya wiki iliyopita tulikuwa tunakaribia mataa, moja ya yale yenye saa ya kuhesabu, ambayo kijani inakuonyesha 12, 11, 10 mpaka inakwisha. Siyataji ni ya wapi, anayekaa Dodoma atayajua. Yeye yuko kwenye usukani, mimi kushoto, mguu wangu uko juu ya breki ya mwalimu. Namba ikafika 5. Akaachia mafuta kidogo, akaniangalia mimi badala ya barabara.

"Madam, ile namba inasema nisimame au nikimbie?"

Nikamwambia asimame. Akasimama vizuri tu, kwa klachi na breki kama nilivyomfundisha. Tatizo, nyuma yetu kulikuwa na Hiace ambayo ilishapiga hesabu zake kwamba sisi tutapita na yenyewe itapita nyuma yetu. Tulisikia matairi yanalia, Hiace ikatuchomokea kushoto, nusu yake kwenye vumbi, ikavuka. Taa ilikuwa njano au nyekundu wakati inavuka, sikuona, nilikuwa nimefumba macho. Konda akatutupia neno ambalo mama muuguzi alilijibu kwa utulivu wa mtu aliyezoea wodi ya wazazi.

Nimefundisha udereva miaka tisa. Ukiniuliza njano ina maana gani nitakujibu hata usingizini. Lakini hiyo namba haimo kwenye kitabu ninachofundishia, na siku hiyo sikuwa na jibu. Nilimwambia "ukiwa mbali simama, ukiwa karibu pita," jibu ambalo hata mimi nikilisikia naona ni la kukwepa. Mbali ni wapi?

Kilichonifanya nikae chini niandike si ile Hiace. Ni mguu wangu mwenyewe. Jioni ya siku hiyo hiyo nilikuwa narudi Ipagala peke yangu, sina haraka, nyumbani hakuna kinachoungua. Nikafika mataa yale yale. Namba ikawa 6, na mguu wangu wa kulia ukakanyaga mafuta. Haukuniomba ruhusa. Nilipita ikiwa 1, moyo unadunda, na hapo mbele nikasimama nyuma ya bajaji iliyobeba magodoro, nikakaa dakika nzima nikiangalia magodoro. Hicho ndicho nilichokikimbilia.

Basi nikaanza kupiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta.

Kwenye maeneo ya makazi sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiona njano, mpaka mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki, sekunde moja imekwisha, mita 14 zimekwenda bure. Akikanyaga breki kistaarabu, bila abiria kupiga kichwa kiti cha mbele, anahitaji mita 32 nyingine. Jumla 46. Sasa chukua njano ya sekunde 3. Kwa mwendo ule ule utasogea mita 42 kabla ya nyekundu. Ina maana ukiwa mita 44 kutoka kwenye mstari taa inapobadilika, huwezi kusimama vizuri na huwezi kuufikia mstari kwa wakati. Umekosea nini? Hakuna. Umekutwa tu pabaya.

Huyo ni wa 50, na pengo lake ni mita 4, karibu urefu wa gari dogo. Mweke anayeingia mjini na 80 kana kwamba bado yuko Chalinze, ya huku kwetu, si ile ya Pwani. Yeye kusimama kunamtaka mita 104, na njano ya sekunde 3 inampa mita 67 tu. Pengo limekuwa mita 37, zaidi ya mabasi matatu makubwa yakipangwa foleni. Ndani ya pengo hilo kila atakachoamua ni kibaya.

Nilidhani nimegundua kitu, kumbe wenzangu walinitangulia kuzaliwa. Mwaka 1960 watafiti watatu waliokuwa General Motors kule Marekani, Gazis, Herman na Maradudin, waliiandika hesabu hii na kuonyesha kwamba njano ikipangwa vibaya inaweza kumweka dereva mahali ambapo hana namna ya kutii. Ndiyo maana leo Marekani njano hupangwa kati ya sekunde 3 na 6, barabara ya mwendo mkubwa ikipewa njano ndefu. Nilivyosoma hivyo nilifarijika, kisha nikakasirika kwa ajili ya wanafunzi wangu wote niliowafokea "ulikuwa unangoja nini?"

Na ndipo unapoiona nia njema ya ile saa ya namba. Aliyeiweka alifikiri hivi: tatizo la njano ni kwamba inashtukiza, tumpe dereva habari mapema ajipange. Ni fikra nzuri. Ila tazama dereva anavyoitumia habari hiyo. Yuko mita 200 kutoka kwenye mataa, anaona 8. Taa ya kawaida ingemkuta anakwenda zake 50, hajui lolote, kijani ni kijani. Hii imemletea hesabu mkononi: mita 200, sekunde 8. Gawanya. Ni mwendo wa 90. Hajui kugawanya, lakini mguu wake unajua. Ile namba imemwambia "ukiwa na 90 utawahi," katikati ya mji, na hakuna polisi wala mwalimu aliyewahi kumwambia maneno hayo.

Upande wa pili wa makutano bodaboda kumi na kitu wamejipanga mbele ya mstari, si nyuma yake, nao wana namba zao nyekundu wanazisoma. 4, 3. Ikifika 2 wameshaondoka. Wahandisi huacha kati ya kijani hizi mbili sekunde moja au mbili ambazo pande zote ni nyekundu, akiba ya kuokoa waliochelewa. Saa hizi mbili zinaila akiba ile kutoka ncha zote mbili, kama panya wawili kwenye kipande kimoja cha mkate.

Nisiionee, saa ya nyekundu ina raha yake. Foleni inatulia. Watu wanajua bado sekunde 50, wananunua karanga, wanazima injini, honi zinapungua. Hata waliochunguza jambo hili katika nchi mbalimbali wameona kwamba magari huondoka kwa wepesi zaidi pale dereva anapojua sekunde ngapi zimebaki. Mimi mwenyewe hunywa maji yangu hapo. Ugomvi wangu ni na saa ya kijani.

Austria hawana namba, lakini kijani yao hupepesa mara nne kabla ya njano. Watafiti waliwahi kulinganisha madereva wa huko na wa Uswisi na Ujerumani, ambako kijani haipepesi. Waaustria wengi zaidi walisimama mapema, hata wale ambao wangeweza kupita bila shida. Unaweza kusema hiyo ni adabu. Lakini anayesimama mapema ana mwenzake nyuma aliyeamua kupita, na eneo ambalo watu wawili wanaweza kuamua tofauti likarefuka. Hiyo ndiyo sisi na Hiace, tukiwa mita ishirini na kitu mbele yao, sisi tumeisoma 5 kuwa simama, wao wameisoma kuwa kimbia. Onyo moja, magari mawili, tafsiri mbili.

Sasa nikueleze nilikojifunzia maana ya onyo, maana si chuoni.

Likizo za shule nilikuwa nasafiri na mjomba kwenye Fuso lake, kuleta alizeti kutoka Singida. Miaka ya tisini, barabara ya Manyoni bado ya vumbi. Mjomba alikuwa Mgogo wa maneno machache, "mbukwenyi" kwa kila mtu tunayempita, kisha kimya kilomita 40. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kushoto na kumwambia kama kuna ng'ombe.

Lori likiharibika njiani, utingo anakata matawi anayalaza barabarani, moja hapa, jingine hatua kadhaa mbele, mpaka yakufikishe kwenye lori lenyewe. Wenye magari ya kisasa wana pembetatu nyekundu za kuakisi mwanga, na sheria inazitaka. Lakini pembetatu huibiwa. Matawi hayaibiwi na mtu. Kila dereva wa Tanzania, hata yule asiyejua alama moja ya kitabuni, akiona majani barabarani anapunguza mwendo.

Mjomba alikuwa na mtindo wake. Akiona majani alikuwa anayatazama rangi. Yakiwa mabichi anashusha gia, anakwenda kama anatembea kwa miguu, maana lori liko pale mbele na huenda mtu yuko chini yake. Yakiwa yamenyauka anapunguza, lakini si sana. Yakiwa makavu, ananung'unika. "Ameondoka huyu, kaacha uongo barabarani." Mara mbili au tatu nakumbuka alisimamisha Fuso lenye tani za alizeti, akashuka, akayaokota matawi ya mtu asiyemjua akayatupa porini. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Anayefuata akikuta hakuna lori, kesho akiona majani hatapunguza."

Sijasikia mhandisi yeyote akilisema jambo hilo kwa ufupi zaidi. Majani yana tarehe ndani yake. Unajua onyo hili lina saa ngapi tangu liwekwe. Kibao cha bati cha "kazi inaendelea" ambacho kazi yake ilikwisha mwaka juzi hakina rangi ya kunyauka.

Kulikuwa na kivuko kimoja cha reli, reli ya zamani, ambacho kengele yake ilikuwa na tabia ya kulia bila treni. Labda ilikuwa mbovu, labda treni ilikuwa bado mbali. Madereva waliokizoea walikuwa wanatazama kushoto, kulia, wanavuka kengele ikilia juu ya vichwa vyao. Mjomba alikuwa anasimama, anazima injini, anashusha kioo, anasikiliza. Wa nyuma wanapiga honi. Yeye anasema kengele imesema treni, sasa nangoja treni iseme yenyewe. Nilikuwa naona aibu mpaka najikunja chini ya dashibodi.

Kule Marekani kanuni inataka onyo la kivuko lianze si chini ya sekunde 20 kabla ya treni kufika. Chini ya hapo dereva hana muda. Lakini likizidi sana, dereva anachoka kungoja kitu asichokiona, anaamua kengele ni ya watu wengine. Na treni haina ujanja: treni ya mizigo iliyoshiba inaweza kuhitaji kilomita moja au zaidi mpaka isimame. Novemba 2023 pale Manyoni, njia ile ile ya alizeti yetu, basi la abiria na kichwa cha treni viligongana kivukoni na watu zaidi ya kumi wakafa. Sijui lolote kuhusu kilichokuwa kichwani mwa dereva siku ile na sitajifanya najua. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo kwenye kivuko nazima injini na kushusha kioo, na wanafunzi wangu ndio wanaojikunja kwa aibu.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar hadi hapa kwetu Julai 2024 na inayofika kilomita 160 kwa saa, haikuachiwa suala hilo la kengele. Imezungushiwa uzio, barabara zinapita juu au chini yake. Pale wameamua kwamba tabia ya dereva haiaminiki, na mimi nayefundisha madereva nakubaliana nao kabisa.

Rasta je? Kwa msomaji wa nje, rasta ni vile vijituta vyembamba vinavyopangwa kwa makundi kabla ya makutano, zebra au shule. Nilikuwa nazipenda. Kibao unaweza usikione, ukiwa unasoma ujumbe kwenye simu hata taa huioni, lakini rasta inapita kwenye matairi, inapanda kwenye kiti, inakufikia mgongoni. Halafu nikapanda basi la kwenda Morogoro, nikakaa nyuma ya dereva. Kila tukifika kwenye rasta alikuwa anaongeza mwendo. Nikamuuliza kwa upole kama kuna tatizo. "Dada, ukizipiga na 40 zinatikisa gari zima. Ukizipiga na 80 unapita juu juu." Na ni kweli, jaribu. Onyo la kupunguza mwendo limegeuka kuwa sababu ya kuongeza. Wengine wanahama upande, wanapita kwenye bega la barabara ambako rasta haifiki, na kwenye bega ndiko wanakotembea watoto wa shule.

Tuta ndilo halina mjadala, lakini tuta si onyo tena. Tuta ni adhabu iliyotangulia kosa.

Kati ya Kibaigwa na mjini onyo linalotiiwa kuliko yote halikuwekwa na serikali. Ni taa za gari linalokuja mbele. Akikuwashia mara mbili, tochi iko mbele, trafiki amekaa chini ya mgunga anapima mwendo. Ndani ya sekunde tatu basi, shangingi la serikali lenye namba za STL, lori la saruji, wote wako 50, wameshika usukani kwa mikono miwili kama wanafunzi wangu. Wakishampita, wanarudi 100. Dereva huyo huyo dakika kumi nyuma alipita zebra ya shule bila kugusa breki.

Zamani nilikuwa nalisimulia hili darasani kama kichekesho cha unafiki. Sasa naliona tofauti kidogo. Ndiyo, anaogopa faini ya 30,000. Lakini pia taa ile ina umri wa dakika mbili. Mtu amepita pale sasa hivi, kaona kwa macho yake, kakuletea habari mbichi. Kibao cha zebra kinasema "huenda kuna mtoto," kinasema hivyo usiku wa manane, Jumapili, likizo ya Desemba, miaka yote. Majani makavu. Lori lenye mizigo mlimani likikuwashia indiketa ya kushoto maana yake pita, kweupe. Ya kulia maana yake tulia, kuna kitu kinakuja. Hakuna kitabu kinachoruhusu matumizi hayo na mimi siyafundishi, ila nayatumia kwa tahadhari, kwa sababu yule dereva anaona nisichokiona, na anaona sasa.

Wiki hii nimekuwa nikiwaza sana kuhusu kitu wanachokiweka New Zealand kwenye makutano ya vijijini. Barabara kuu ni ya mwendo wa 100, barabara ndogo inaingilia ubavuni. Chini ya lami ya barabara ndogo, au kando yake, kuna kihisi. Gari likikaribia kutoka ubavuni, au likisubiri kukata kona, kibao cha umeme kwenye barabara kuu kinawaka 70 au 60, kikomo cha kisheria kabisa. Hakuna gari, kibao kinazimika. Na huko mwendo ulishuka, na ajali pia. Hakimwambii dereva ana sekunde ngapi zimebaki. Kinamwambia kuna mtu. Marekani nako wana vibao vya aina hiyo kwenye makutano ya mashambani, na huko wahandisi waliingia na wasiwasi mmoja ambao mjomba angeuelewa mara moja: wakiweka kibao upande wa barabara ndogo, kikiwa hakiwaki, dereva anaweza kukisoma kuwa ni ruhusa. Balbu ikiungua je?

Ningekipenda kimoja pale Mbande, kwenye njia panda ya Kongwa. Mabasi yanashuka na mwendo wa Dar, na kutoka Kongwa unakuja na gunia za mahindi na shingo ndefu. Na sasa tuna barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, njia nne, inayokatiza barabara zote kubwa za kuingia Dodoma. Kila inapokatiza ni makutano ambayo mtu ameyakalia mezani na kuamua dereva aambiwe nini na aambiwe lini. Natamani awe na mjomba kama wangu.

Kuna watu wanasema tuondoe mataa yote, watu wataheshimiana. Wanataja mji wa Drachten, Uholanzi, ambako mhandisi Hans Monderman aliondoa taa kwenye makutano makubwa na watu wakaanza kuangaliana machoni. Nadhani hawajawahi kukaa kwenye mataa yetu umeme ukikatika. Dakika kumi za kwanza ni adabu tupu, hata bodaboda wanainamisha vichwa, "tangulia mama." Dakika ya kumi na moja anakuja mwenye lori. Baada ya hapo anayeangaliwa machoni ni mwenye bampa kubwa. Wakati wa Bunge la bajeti ndiyo usiseme, maana yanaongezeka mashangingi ambayo vioo vyake ni vyeusi. Utaangalia macho gani? Ving'ora vya msafara vikilia tu ndipo wote tunakuwa Waholanzi.

Turudi kwa mama muuguzi, kwa sababu alikuwa ananidai jibu.

Jumapili asubuhi mji ukiwa umelala nilikwenda kwenye yale mataa kwa miguu. Nikaanzia kwenye mstari wa kusimama nikahesabu hatua kurudi nyuma mpaka mita 46, kwa hatua zangu ni 62. Mlinzi wa duka moja akanifuata kuuliza kama napima kiwanja. Nilipofika hatua ya 62 kulikuwa na mwarobaini, kando kabisa ya mtaro, umeinama kidogo kuelekea barabarani. Sikuamini bahati yangu.

Jumatatu nikamwambia: sahau namba. Usiitazame kabisa, ni kama redio ya jirani. Nenda na 50, si zaidi. Mwarobaini ule ndio mpaka wako. Taa ikibadilika kuwa njano na hujaufikia mti, simama. Ukiwa umeshaupita, pita, na usiongeze mafuta. Uamuzi umeshaufanya kabla, kazi ya mguu ni kutii. Akauliza, "Na Hiace ya nyuma?" Nikamwambia aitazame kwenye kioo kabla ya mti, si baada, na akiona imemganda aguse breki kidogo taa zake za nyuma ziwake, ili mwenzake naye apate habari mapema. Akauliza tena, "Na mataa yasiyo na mwarobaini?" Nikamwambia kila mataa yana kitu, nguzo, kibanda cha M-Pesa, duka la vipuri. Atafute chake.

Siku tatu tulizunguka. Alikuwa anasema kwa sauti, "Mti wangu," kila akiupita, kama mtu anayeitikia jina lake. Jumatano njano ilimkuta hatua chache kabla, akasimama laini kiasi kwamba chupa yangu ya maji haikutikisika. Namba ilikuwa inaonekana vizuri kabisa na hakuitazama. Mimi niliitazama. Bado naitazama, nakiri.

Leo asubuhi tumekuta mwarobaini umekatwa. Wanapanua mtaro. Kuna vijana watatu na toroli, matawi yamelala kando ya barabara yakiwa mabichi kabisa, na dereva mmoja mmoja anapunguza mwendo akidhani kuna lori limeharibika. Nikamwangalia mama muuguzi nione atafanyaje. Alitazama kioo cha nyuma, akaweka mguu tayari.

"Kisiki kipo, madam," akasema, akapita.